Matope ya Desemba 1961

Safari hii sitaongea juu ya mahindi. Nataka kuongea juu ya kitu kilicho juu ya meza yetu hapa Bel-Air, ambacho karibu kiniletee makelele na jirani, kisha na nkambo wangu mwenyewe.

Ni gari la vita lenye urefu wa sentimita 14. Ni blinde ya magurudumu sita, aina ya Greyhound. Wamarekani walianza kuitengeneza mwaka 1943, na jandarmeri ya Katanga ilikuwa nayo wakati wa sesesyo. Ile ya kweli ina karibu mita 5. Mimi natumia kipimo cha 1/35, maana yake sentimita 35 za kweli ni sentimita 1 kwangu. Askari wa mita 1.75 anakuwa wa sentimita 5. Kuko visanduku vya plastiki vya Tamiya vyenye vipande vyote tayari, lakini mtu ambaye bado anatembeza barua za kuomba kazi hawezi kuviagiza. Nilitumia katoni ya viatu, bati la kopo la maziwa, na waya wa ventilateri iliyokufa. Magurudumu ni vifuniko vya chupa za dawa. Wiki tatu zikapita hivyo, na mama akiuliza kila siku kama hiyo ndiyo agronomia.

Kujenga si kazi ngumu sana. Kazi ni kulizeesha. Gari likitoka kwenye rangi linang'aa kama la saluni, na hakuna mtu atakayeamini kwamba lilipita vitani. Unagusisha kingo kwa kipande cha sponji chenye rangi ya kahawia iliyoiva, kidogo kidogo, ili ionekane rangi imebanduka pale ambapo viatu vya askari vilikuwa vinakanyaga. Unapitisha maji ya rangi nyeusi mu mikunjo. Masizi ya moshi nilipata kwa kusaga makala. Halafu bulongo.

Hapa ndipo diploma yangu ilisaidia. Bulongo ya Lubumbashi ni nyekundu kwa sababu mvua za miaka mingi sana zimeosha silika na kuacha oksidi za chuma. Hematiti inatoa wekundu, goethiti inatoa umanjano. Ukichukua bulongo ya manjano ukaikaanga juu ya mbabula, goethiti inapoteza maji na kugeuka hematiti, na wewe unapata wekundu bila kununua rangi. Lakini huwezi kumwaga tu bulongo ya parsele juu ya gari. Punje ya mchanga ya milimita 1, kwa kipimo changu, ni jiwe la sentimita 3 na nusu! Basi nikafanya kama mu laboratware: nikakoroga ndani ya maji, nikaacha mchanga uzame, nikamimina yale maji machafu pembeni, nikaanika. Kinachobaki ni unga laini kabisa. Bulongo ya kichuguu ndiyo bora, mchwa wamekwisha kuchagua ile laini.

Nikalipaka gari vumbi jekundu toka chini hadi nusu ya mlango. Lilikuwa zuri. Kibao cha chini nikaandika: Élisabethville, Desemba 1961.

Kwa walio wadogo, kwa kifupi. Uhuru ni tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza Katanga imejitenga. Umoja wa Mataifa ukaleta askari, na tarehe 13 Septemba 1961 mapigano yakaanza mjini. Siku zilezile kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, zaidi ya askari 150 wa Ireland walizungukwa hadi tarehe 17, wakatekwa. Kuna filamu ya 2016 juu yao, ilipigwa Afrika Kusini. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 ndege ya Hammarskjöld ikaanguka karibu na Ndola. Mwezi wa Desemba vita ikarudi mjini, na tarehe 16 askari wa Ireland wakashambulia Tunnel, pale barabara inapita chini ya reli. Sesesyo iliisha Januari 1963.

Muzee mmoja jirani yetu, ambaye baba yake alikuwa jandarme, alikuja kuomba chumvi. Akaliangalia gari muda mrefu. Nilifikiri atalia. Akasema:

"We mutoto, Desemba na vumbi? Ulisoma wapi kilimo?"

Nilisikia haya mpaka kwenye masikio. Mimi ambaye naweza kukuambia bila kufungua daftari kwamba mvua zetu zinaanza Novemba hadi Aprili, karibu milimita 1,200 kwa mwaka! Vumbi ni la Septemba. Nilikuwa nimechanganya vita mbili kwa sababu picha zote za zamani ni nyeusi na nyeupe, hazionyeshi kama bulongo imelowa. Nikaosha gari lote. Nikachanganya ule unga na gundi nyeupe ya seremala, nikabandika madonge nyuma ya magurudumu na chini ya tumbo, na yale ya juu nikayaacha yang'ae kidogo kama bado ni mabichi. Muzee akarudi jioni na wajukuu wake wawili. Aliwaonyesha kiti cha dereva, akawaambia vile baba yake alikuwa anavaa kofia. Alikuwa na kiburi, na sikujua niweke uso wangu namna gani.

Kwa sababu nkambo wangu alikuwa ameketi palepale. Yeye ni Muluba wa Kasai. Mwaka 1961 alikuwa mtoto wa miaka minane, na familia yake ilikuwa kati ya makumi ya maelfu ya Baluba waliokimbilia kambini, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, hapahapa mjini. Walikuwa wanakimbia hawahawa jandarme. Alingoja muzee aondoke. Kisha akauliza tu:

"Na sisi tuko wapi?"

Nikamjibu kwamba hii ni diorama ya kijeshi, inaonyesha askari. Jibu la kipumbavu, nakubali. Hata zile diorama za Jadotville ninazoona mu simu, zenye kazi safi kupita yangu mara kumi, zina mifuko ya mchanga, masanduku ya risasi, hata chupa za bia, lakini mwenye kukaa mji ule simwoni. Mjini kwetu mtu alikwisha kufanya vingine. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa hapa, kati ya 1973 na 1974 alichora historia yote ya nchi, picha kama mia moja, akamweleza Johannes Fabian, aliyekuwa anafundisha kwenye chuo chetu, kila moja kwa Kiswahili chetu hiki. Kitabu kikatoka 1996. Hakuomba ruhusa ya mtu kuhusu nani aingie ndani ya picha.

Nkambo alinieleza vitu viwili tu juu ya kambi. Maji ya mvua yalikuwa yanaingia chini ya turubai, na mama yake alikuwa anatembea na beseni kichwani, kwa sababu ukiiweka chini haurudi kuikuta.

Basi nimekata ubao mrefu zaidi. Barabara ni ileile na matope ni yaleyale. Upande wa kushoto liko gari, na kulia nimeweka turubai la karatasi ya sigara iliyolowekwa gundi. Mama wa waya na nta ya mshumaa, sentimita 4 na nusu, ana beseni ya kifuniko cha soda. Muzee hajaiona bado. Wajukuu wameniambia anakuja Jumapili. Nkambo ameiona. Amesema kitenge cha mama yake hakikuwa cha bluu, kilikuwa cha kijani, na nimeanza kukwangua.