Mnyororo na Umbali: Kutengwa kwa Wafungwa katika Njia ya Tabora

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Kigwa kabla ya kufika Kazeh, makazi ya wafanyabiashara yaliyo sehemu ya Tabora ya leo. Misafara iliyorudi pwani kwa njia hiyohiyo ilikuwa na mateka waliotiwa kongwa, yaani mti wenye panda uliofungwa shingoni, au minyororo iliyowaunganisha wengi pamoja. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 aliikuta Kigwa imeharibiwa na vita, na vita ndivyo vilivyozaa mateka. Mateka hakukosa wenzake njiani. Alichokosa ni jamaa, kwa kuwa kila kituo kilimsogeza mbali zaidi na wale waliomjua kwa jina la baba yake.

Serikali ya Kijerumani, iliyoushinda utawala wa Mtemi Isike wa eneo la Tabora mwaka 1893, iliupinga utumwa kwa maneno lakini mnyororo wa shingoni ikauhifadhi. Amri ya mwaka 1896 iliorodhesha adhabu za Waafrika, miongoni mwao viboko, vilivyokumbukwa kwa jina la hamsa ishirini, na kifungo cha mnyororo, ambamo wafungwa kadhaa waliunganishwa shingo kwa shingo wakafanya kazi ngumu mbele ya watu. Mfungwa wa namna hiyo hakuwa peke yake hata usiku, ila alikuwa mpweke, maana aliofungwa nao hakuwachagua na aliowapenda hawakuweza kumkaribia.

Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, iliurahisishia utawala kazi ya kuwahamisha watu. Katika Vita Kuu ya Kwanza wamisionari Waingereza walizuiliwa Tabora, na walimu Waafrika wa misheni za Kianglikana, walioshukiwa kuwasaidia Waingereza, waliletwa huko wakiwa wafungwa; Wabelgiji walipouteka mji Septemba 1916, waliosalia wakafunguliwa. Waingereza nao, waliotawala baada ya vita, kwa sheria ya mwaka 1921 walimpa Gavana uwezo wa kumhamishia mtu kwa nguvu sehemu nyingine ya nchi, na mwaka 1931 wakaunda idara ya magereza iliyojitenga na polisi.

Kwa hiyo historia ya njia hii inaonyesha kwamba kumtenga mfungwa hakukuhitaji chumba cha giza, kwani umbali ulitosha. Gereza linalomweka mtu mbali na ndugu wasiomudu nauli humwongezea adhabu ambayo hakimu hakuitamka.