Sandarusi ya Uzaramo na Desturi za Wanunuzi

Wasomaji wa Kisarawe na Kibaha hukanyaga kila siku ardhi ambayo zamani ilitoa bidhaa iliyotafutwa hata ng'ambo ya bahari, nayo ni sandarusi. Huo ni utomvu wa mti uitwao msandarusi, uliozama ardhini miaka mingi hata ukawa mgumu kama jiwe. Wazaramo waliuchimba, Wazungu waliuyeyusha, wakafanya vanishi ya kupaka magari ya farasi na vyombo vya mbao.

Je, mchimbaji alimjua mnunuzi? La. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1839 akafanya na Waingereza. Katika mkataba huo wa pili, biashara ya pembe na sandarusi katika Mrima, tangu Tangata mpaka Kilwa, haikuachwa wazi kwa Waingereza. Basi Mzaramo alichukua mzigo wake mpaka pwani, akamwuzia mwenye duka, mara nyingi Mhindi. Naye akaupeleka Unguja. Huko ndiko mgeni alikoupokea, ukapimwa kwa frasila, yaani ratili 35 hivi.

Kila mmoja alikuwa na desturi yake. Mchimbaji aliuliza atapewa mikono mingapi ya merekani. Mwenye duka alihesabu madeni na ushuru. Mfanyi biashara wa Salem, Marekani, alitazama usafi, maana sandarusi chafu ilioshwa huko kwa maji ya magadi, ikapungua uzito. Iliyopendwa sana ni ile yenye vipele kama ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa, kwa kuwa vipele ni alama ya kukomaa.

Ile changa, iitwayo chakazi, haikuthaminiwa Ulaya. Lakini Mwingereza Richard Burton, aliyepita nchi hizi mwaka 1857, aliandika kwamba ilipelekwa Bombay na hata Uchina, ambako watu walikuwa na njia yao ya kuitumia, nao waliifanya siri. Tazameni basi: alichokikataa Mwingereza, Mchina alikuwa na kazi nacho. Lakini habari hiyo ilikuwa na thamani kwa aliye Unguja, siyo kwa aliye shimoni. Aliyetoa jasho hakujua mali yake inakwenda wapi wala kwa kazi gani, kwa hiyo bei ilifanywa mbali naye.

Siku hizi Wachina wamejenga viwanda Kwala, katika Wilaya ya Kibaha, na huko kuna bandari kavu pia. Wageni wamekuja hata mlangoni petu. Kabla ya kuuza shamba, mazao au kazi ya mikono, yafaa tuulize: kipimo chao ni kipi? Wanataka daraja gani? Neno la mdomo lawatosha, ama mpaka karatasi? Wazee walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Sandarusi ya Uzaramo yatuonyesha kwamba hata penye daftari, asiyejua kilichoandikwa ndani yake hupata fungu dogo.