Dasa Avatar Mbele ya Mahakama: Ginani za Makhoja na Suala la Mpaka

Mhakiki anayetafuta mpaka baina ya Uhindu na Uislamu katika ginani, yaani nyimbo za ibada za Makhoja wa Gujarat, Kachchh na Sindh, hataupata kwa urahisi. Ginani zilitungwa kwa lugha za nyumbani, zikahifadhiwa kwa hati ya Kikhojki. Utungo wa Dasa Avatar, ambao mapokeo yanaunasibisha na Pir Sadruddin, wasimulia jinsi Vishnu alivyoshuka duniani mara kumi. Katika mshuko wa kumi anayetokea ni Ali. Mhindu aliyeusikiliza hakutakiwa kuitupa hadithi aliyolelewa nayo. Aliongezewa tamati yake.

Mahakama za kikoloni hazikuwa na subira hiyo. Mwaka 1847, huko Bombay, Jaji Erskine Perry aliamua kuwa mabinti wa Kikhoja hawangerithi kwa mujibu wa Kurani, kwani mila ya jamii yao katika mirathi ilikuwa kama ya Wahindu. Mwaka 1866 iliamuliwa kesi nyingine, juu ya mali ya jumuiya na mamlaka ya Aga Khan wa Kwanza. Walalamishi walishikilia kwamba Makhoja ni Masuni. Jaji Joseph Arnould akaamua kuwa ni Mashia Waismailia, na Dasa Avatar ukawa sehemu ya ushahidi aliouzingatia. Ajabu ni kwamba utungo uliowafaa watu wasiolazimika kuchagua ndio uliotumiwa kuwachagulia.

Katika karne ya 20 Waismailia waliuacha utungo huo katika ibada zao. Ginani nyingine zingali zaimbwa katika jamatkhana, za Mombasa na Nairobi zikiwemo.