Watoto wa Seyyid Said

Volkano ya Nyiragongo tunayoitazama kila siku kutoka Majengo, hapa Goma, Mjerumani Götzen aliipanda mwaka 1894. Miaka kumi na moja baadaye Mdachi huyohuyo alikuwa gavana Dar es Salaam, akivizima vita vya Maji Maji kwa risasi na njaa. Hapo ndipo ninapoanzia somo, maana vijana wa kwetu hudhani vita vile ni habari ya Watanzania.

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969, haimo kwenye programu yetu ya Kifaransa. Naisimulia tu. Habari ya dawa haina haja ya maelezo huku kwetu. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya kuzuia risasi. Wasimba, waasi wa Kongo wa 1964, waliingia vitani na dawa yao wakilitaja jina la Mulele, kiongozi wa uasi. Na wapiganaji wa Mayi-Mayi wa Masisi ni kaka na wajomba zetu. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, yalifanya kazi?" Nikamweleza Mahenge, Agosti 1905: maelfu ya watu mbele ya boma lenye bunduki za rashasha. Kinjikitile mwenyewe alikuwa ameshanyongwa mwanzoni mwa mwezi huo.

Wengi huishia kwenye maji. Mimi hunikaba mahali pengine. Katika tamthilia, mzimu Hongo, akisema kwa kinywa cha Kinjeketile, anaahidi kwamba Wadachi watafukuzwa, na kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Umati unashangilia. Kinjeketile, akili zikimrudia, anashtuka: tumtoe bwana huyu ili tumzalie mwingine? Kuanzia hapo anashuku kwamba amedanganywa, ila neno limeshamtoka na watu hawasubiri tena.

Kwetu nako, Novemba 1996 waasi wa AFDL waliingia Goma, na kuna Mayi-Mayi waliosaidiana nao kumng'oa Mobutu. Haukupita muda wakawa wanapigana na askari wa Rwanda waliowaleta wakombozi hao. Ikaja RCD mwaka 1998, ikaja M23 mwaka 2012 na tena Januari 2025, kila kundi na ukombozi wake mdomoni. Upande wa pili wako Wazalendo, waliopewa silaha na serikali. Nao ni watoto wa nani? Sijawahi kuulizwa swali hilo darasani.

Wanachobishania wanafunzi ni mwisho wa mchezo. Gerezani Kinjeketile anakataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo, asije Mdachi akawafundisha wajukuu kwamba kupigana kulikuwa kosa. Nusu ya darasa humsifu. Wenye kaka msituni wanasema angekiri, na mapema.