Seva kuwa mashine pepe: uhamisho uliokwama

Uhamisho wa seva halisi kuwa mashine pepe hukwama zaidi pale mashine mpya inapowashwa. Windows huonyesha skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B: mfumo hauioni diski yake, kwani hauna draiva ya kidhibiti kipya cha diski. Ni kama misafara ya zamani iliyopita Unyanyembe, penye Tabora ya leo, ikaajiri wapagazi wapya na kufunga mizigo upya kabla ya kuelekea Ujiji. Kwa seva nako mzigo ni uleule, wabebaji wamebadilika. Mara nyingi kidhibiti cha IDE huiwasha kwanza, kisha draiva inayofaa huwekwa. Kwenye Linux, initramfs hutengenezwa upya. BIOS au UEFI lazima ilingane na ya awali. Kadi ya mtandao ya zamani, iliyofichika, huendelea kushikilia anwani ya IP, hivyo iondolewe.