Nyuzi zinapotoka: Utunzaji wa kidonda cha mbwa au paka baada ya upasuaji

MBWA jike aliyefungwa uzazi siku ya Jumatatu huonekana mzima kufikia Alhamisi. Anakula, anatikisa mkia na kulibwekea lori la majani chai linapopita barabarani. Hapo ndipo mwenyewe hulegeza uangalizi, na hapo ndipo nyuzi huanza kukatika.

Katika mji wa Kiriaini, Kaunti ya Murang'a, na vijiji vilivyo kando ya barabara ya kwenda Othaya na Nyeri, mbwa ni mlinzi wa boma kabla ya kuwa kipenzi. Hulala nje, hukanyaga matope ya udongo mwekundu na kupenya chini ya michai iliyojaa umande. Paka naye ana kazi yake ya panya ghalani. Kwa hivyo shauri la kumweka mnyama "mahali safi, pakavu na patulivu", ambalo daktari hulitoa kwa sentensi moja, ndilo gumu zaidi kutekeleza, hasa wakati wa masika ya Machi hadi Mei na katika ukungu wa Julai.

Ni vyema kwanza kufahamu kilichoshonwa. Mnyama anapopasuliwa tumbo, daktari hushona matabaka matatu: ukuta wa misuli, mafuta yaliyo chini ya ngozi, na ngozi yenyewe. Nyuzi za ndani aghalabu ni zile zinazoyeyuka zenyewe mwilini. Za ngozi, iwapo si za kuyeyuka, hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Katika siku tatu hadi tano za mwanzo mwili huwa ungali unasafisha kidonda na haujafuma nyama mpya ya kutosha. Pande mbili za mshono hushikiliwa na uzi peke yake. Ndiyo maana mbwa anayeonekana amepona siku ya nne ndiye aliye hatarini kuliko wote.

Mwenye mnyama anapokuta uzi umekatika, swali la kujiuliza ni moja: ni tabaka lipi limefunguka?

Ikiwa ni uzi mmoja au miwili ya ngozi iliyotoka, na kingo za kidonda zingali zimeshikana, hakuna damu wala usaha, basi hakuna sababu ya kukimbia usiku. Mzuie mnyama asijilambe, mfungie ndani, kisha umpigie simu daktari aliyemfanyia upasuaji kukipambazuka. Yeye ndiye ajuaye alitumia uzi wa aina gani na alishona vipi.

Ikiwa ngozi imeachama na nyama nyekundu au mafuta yanaonekana, mnyama anapaswa kumwona daktari siku hiyo hiyo. Wakati unajiandaa kwa safari, osha kidonda kwa maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Mimina taratibu bila kusugua, kisha funika kwa kitambaa safi. Usijaribu kushona wala kubandika gundi. Kidonda kilichokwisha kuingia uchafu kikifungwa juu juu hufungia viini ndani.

Hapa pana jambo linalowakera wengi. Daktari anaweza kukitazama kidonda kama hicho, akakisafisha, kisha akakiacha wazi kijazike chenyewe kutoka chini kwenda juu. Mwenye mbwa huondoka akinung'unika kwamba ametozwa pesa bure. La hasha, mara nyingi ndiyo tiba iliyo salama, ingawa huchukua majuma kadhaa na huhitaji kuoshwa kila siku.

Hali ya tatu ni dharura kamili. Tabaka la misuli likifunguka, mafuta ya tumboni au utumbo wenyewe huchungulia nje. Usiurudishe ndani kwa mkono. Lowesha taulo safi kwa yale maji ya chumvi, funika kila kilichotoka, zungusha shuka kiunoni bila kukaza, na mtu mmoja amshike mnyama kichwa muda wote, kwa sababu mbwa anaweza kuanza kutafuna utumbo wake mwenyewe. Asipewe chakula wala maji, maana atahitaji kulazwa usingizi tena. Mpigie daktari kabla ya kuondoka, usije ukafika ukapata mlango umefungwa. Fizi zikiwa nyeupe badala ya waridi, mnyama anapoteza damu ndani na kila dakika ina thamani.

Fauka ya hayo, mbwa mwenye maumivu huuma hata mtoto aliyemlea. Mfunge mdomo kwa kitambaa laini, isipokuwa anapotapika au anapohema kwa shida. Anayeumwa aoshe jeraha kwa maji tele na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitalini bila kukawia. Kichaa cha mbwa kingali nchini. Mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2014 ulilenga kukomesha vifo vya binadamu kutokana na maradhi hayo kufikia 2030.

Ulimi ndio adui

Wazee wengi huamini kwamba mate ya mbwa ni dawa, na kwamba akijilamba atapona upesi. Ukweli ni kinyume. Kinywa cha mbwa kimejaa viini, ulimi wake unakwaruza, na meno yake ya mbele hung'oa uzi kwa dakika chache. Kola ya plastiki inayozunguka kichwa ndiyo kinga bora. Isipopatikana, kata kitako cha ndoo kuukuu, funika makali kwa gundi ya karatasi au kitambaa, toboa matundu na uifunge kwenye ukanda wa shingo. Ukingo wake sharti uipite pua, la sivyo ni pambo tu. Wengine humvisha mbwa fulana kuukuu ya mtoto, miguu ya mbele ikipita mikononi. Hiyo nayo hufaa, mradi ibadilishwe kila ilowapo.

Kidonda kitazamwe asubuhi na jioni. Wekundu kidogo, uvimbe mwembamba mgumu chini ya mshono na matone machache ya majimaji ya waridi katika siku za kwanza si ajabu. Kinachotisha ni joto linaloongezeka, harufu mbaya, usaha, uvimbe unaokua kila siku, au mnyama kukataa chakula baada ya kuwa amekwisha kula. Ghafla mshono ukitoa majimaji mengi ya rangi ya damu, mpeleke kwa daktari hata kama ngozi bado imefumbata. Huenda misuli imeachia ndani.

Mambo ya kupaka yanahitaji tahadhari. Katika boma la ng'ombe wa maziwa hapakosi dawa ya kupe, na wako wanaoimimina kidondani ili kufukuza nzi. Hiyo ni sumu inayopenya moja kwa moja kwenye damu. Spiriti huunguza nyama changa. Majivu na oili chafu ya gari havina nafasi. Dawa za kuua viini zinazogeuka nyeupe zikichanganywa na maji humdhuru paka, ambaye huzilamba zote. Ayodini inakubalika ikiwa imezimuliwa hadi ifanane na chai ya rangi iliyo hafifu, kipimo ambacho mkazi wa Kiriaini hahitaji kuelezwa mara mbili. Kuhusu nzi, kinga ni kufunika na kumweka mnyama ndani, kwani mayai yao huweza kuanguliwa yakawa mabuu chini ya siku moja.

Kosa baya zaidi hufanywa kwa huruma. Paracetamol ya binadamu, hata kidonge kimoja, inaweza kumuua paka. Ibuprofen na diclofenac hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Maumivu yana dawa zake za wanyama, na daktari ndiye anayepima kiasi. Vilevile sindano ya penisilini kutoka agroveti, iliyonunuliwa kwa kukisia, haishoni kilichofumuka.

Je, daktari ni nani? Sheria Nambari 29 ya 2011, inayosimamia taaluma hii, inatenganisha madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, na kuwataka wote wasajiliwe na bodi iliyoundwa chini ya sheria hiyo. Mteja ana haki ya kuuliza usajili. (Jina lenyewe, "daktari wa mifugo", linawafanya wengi wadhani kazi yake ni ng'ombe tu, na hivyo huona haya kumpelekea paka. Lugha yetu haijapata jina fupi la kuondoa haya hiyo.)

Siku ya kutoa nyuzi isiahirishwe. Uzi ukikaa mno ngozi huukulia, na matundu yake huwa njia ya viini. Kazi yenyewe ni ya dakika chache na kwa kawaida haihitaji usingizi. Usikate nyumbani kwa wembe: ukivuta upande usiofaa, sehemu chafu ya uzi hupita ndani ya ngozi.

Baada ya nyuzi kutolewa, kovu bado ni dhaifu; ngozi huchukua majuma mengi kurudisha nguvu zake. Mbwa aendelee kufungwa kamba kwa juma moja au mawili, asiruke ukuta wala kupigana. Kumwogesha na kumnyunyizia dawa ya kupe kungoje siku kadhaa hadi vitundu vya nyuzi vizibe. Gamba lililosalia liachwe lidondoke lenyewe, na kola isiondolewe siku hiyo hiyo; mwache nayo usiku mmoja au miwili zaidi, kwa kuwa kidonda kinachopona huwasha, na mnyama atakitafuta kwa meno punde tu utakapozima taa.