Pampu ya Kukamua na Pampu ya Kombeo

Katika upasuaji wa moyo uliofunguliwa, kwa kawaida moyo husimamishwa, na kazi yake hufanywa na mashine ya moyo na mapafu. Daktari John Gibbon alikuwa wa kwanza kufanikiwa kumpasua mgonjwa moyo kwa msaada wa mashine hiyo huko Philadelphia, Marekani, Mei 6, 1953. Pampu zinazosukuma damu ndani yake ni za aina mbili kuu. Kiswahili kinaweza kuziita pampu ya rola na pampu ya sentrifugo, lakini majina hayo hayamwambii mwanafunzi lolote. Napendekeza pampu ya kukamua na pampu ya kombeo.

Daktari Michael DeBakey aliitumia ya kwanza, pampu ya kukamua, kuongezea wagonjwa damu katika miaka ya 1930. Mpira laini hulazwa katika nusu duara, na rola mbili huzunguka zikiuminya na kusogeza damu mbele, kama vidole vinavyoteremka kwenye chuchu ya ng'ombe. Kiasi cha damu hupatikana kwa hesabu: ujazo unaosukumwa kwa mzunguko mmoja, mara idadi ya mizunguko kwa dakika. Ila mkamuaji haulizi mbele kukoje. Mpira ukikunjika mbele, rola huendelea kukamua hadi viungio vichomoke au mpira upasuke. Tangi la damu likikauka, hukamua hewa kuelekea kwa mgonjwa. Na rola zikibana kupita kiasi, seli nyekundu husagika.

Ya pili, pampu ya kombeo, haibani chochote. Damu huingia katikati ya chombo cha plastiki. Ndani yake koni au mapanga huzungushwa kwa nguvu ya sumaku, maelfu ya mizunguko kwa dakika, na damu hutupwa pembeni ikatokea ukingoni. Nilifikiria kuiita pampu ya pia, kwa kuwa koni ile hufanana na pia ya watoto. Lakini jina la pia hutaja umbo tu. Kombeo hutaja kazi: zungusha, tupa. Likikutana na ukinzani, mtiririko hupungua, ndiyo maana lazima kuwe na kipima mtiririko. Likipunguza kasi mno, damu huweza kurudi nyuma, hivyo mpira hubanwa. Hewa nyingi ikiingia, hushindwa kusukuma, ingawa vipovu vidogo huweza kupita.

Kwa kawaida kombeo huiumiza damu kidogo kuliko pampu ya kukamua, hasa kazi ikirefuka. Lakini chombo chake cha plastiki hutupwa baada ya mgonjwa mmoja, ilhali kwenye pampu ya kukamua hubadilishwa mpira tu. Gharama hutofautiana hapo.

Mwenye istilahi bora na aitoe. Aipime kwa swali moja tu: mwanafunzi akilisikia jina hilo, atajua pampu inaweza kumponza wapi?